Maswali ya Wasomaji: Paka wa Ndani na Kiu ya Kuwinda

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu paka wasiotoka nje kamwe: wale wanaoishi ghorofani, wale wanaofungiwa kwa sababu ya barabara yenye magari mengi, na wale ambao wamiliki wao wameamua kuwaepusha na mapigano na magonjwa. Malalamiko yanatofautiana, lakini ukizisoma barua hizi kwa pamoja utaona chanzo kimoja kikijirudia karibu katika zote. Mnyama aliyeumbwa kuwinda anashibishwa bila kuwinda, kisha nguvu zilizobaki anazimalizia kwenye vifundo vya miguu, mapazia na makochi, au anazizika usingizini mpaka ananenepa. Nimejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu.

Swali: Ndugu Mshauri, paka wangu dume ana mwaka mmoja na nusu na amehasiwa. Hulala mchana kutwa nikiwa kazini. Ifikapo saa kumi alfajiri huanza kukimbia chumba hadi chumba, hupanda kabati, hudondosha vitu na kuniuma vidole vya miguu juu ya shuka. Nikiamka nikampa chakula hutulia. Nilipomfungia jikoni alikwaruza mlango mpaka majirani wakalalamika. Nifanye nini?

Jibu: Paka wako hakukomoi, ndugu yangu. Saa anazokusumbua ndizo saa za kazi katika ukoo wake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye hushughulika zaidi wakati wa machweo na alfajiri, na macho yake hutosheka na takriban sehemu moja ya sita ya mwanga ambao binadamu anauhitaji ili aone. Kulala kwake mchana nako si uvivu, kwani paka mzima hulala kati ya saa 12 na 16 kwa siku akitunza nguvu za kuwinda. Nguvu hizo anazitunza vizuri sana, ila zinapofikia wakati wa kutumika hakuna windo lolote nyumbani isipokuwa vidole vyako vinavyojongea chini ya shuka.

Sentensi iliyo nzito kuliko zote katika barua yako ni ile inayosema kwamba ukiamka na kumpa chakula hutulia. Kila ulipofanya hivyo ulimlipa kwa kukuamsha, naye amejifunza kwamba akikuuma, bakuli hujaa. Kumfungia jikoni hakukusaidia kwa sababu kulimpunguzia nafasi bila kumpunguzia hamu.

Anza matengenezo jioni. Tafuta fimbo nyembamba yenye uzi, na mwishoni mwa uzi ufunge manyoya au kipande cha kitambaa, kisha umchezeshe kwa dakika 10 hivi muda mfupi kabla hujaenda kulala. Namna unavyoyakokota manyoya hayo ndiyo inayoamua kama mchezo utamwingia, kwa maana watu wengi huyapeperusha mbele ya uso wa paka, halafu wakashangaa anapogeuka na kuondoka. Hakuna panya anayejipeleka mwenyewe kwa paka. Yafanye manyoya yamkimbie, yaingie nyuma ya mguu wa kiti, yatulie, kisha ncha yake itikisike kidogo ikiwa imejificha nusu. Utamwona akijilaza chini, mboni za macho zikipanuka, sharubu zikielekea mbele, makalio yakitikisika kushoto na kulia. Usiharakishe hapo, kwa sababu kule kuvizia ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya uwindaji wa paka, na paka anayevizia kwa dakika nzima bila kusogea anacheza sawasawa na yule anayeruka. Mwache akamate mara kwa mara, aume, apige mateke kwa miguu ya nyuma. Kuelekea mwisho punguza kasi, manyoya yaende kama mnyama aliyejeruhiwa, umwachie ayakamate kabisa, na papo hapo umpe mlo wake wa mwisho wa siku. Uwindaji wa paka una mfuatano wake, yaani kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua, kula, kujilamba na kulala. Mfuatano huo ukitimia usiku, usingizi huufuata wenyewe.

Kuhusu ile saa kumi, kama unaweza kupata chombo cha chakula kinachojifungua kwa saa, kitege kitoe kiasi kidogo muda mfupi kabla ya wakati anaokuamsha, ili chakula kitoke kwa chombo na si kwako. Akikujia kitandani usimjibu kwa lolote, hata kwa kumkemea, kwa maana kwa paka mpweke karipio nalo ni mazungumzo. Jiandae kwamba siku za mwanzo kelele zitaongezeka kabla ya kupungua. Ukivumilia siku nne halafu siku ya tano ukaamka kumlisha, utakuwa umemfundisha kwamba kazi hii inataka siku tano.

Wapo watakaokuambia kwamba dakika 10 hazitoshi kitu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya paka wanaotoka nje na kuleta mawindo nyumbani: wale waliochezeshwa kwa dakika 5 hadi 10 kila siku walileta mawindo pungufu kwa asilimia 25. Ikiwa mchezo mfupi unaweza kupunguza uwindaji wa kweli kwa kiasi hicho, basi unaweza pia kuviokoa vidole vyako. Nakusihi tu usicheze naye kwa mkono mtupu, hata akiwa mpole kiasi gani, kwa sababu mkono uliokuwa windo jana hauwezi kukatazwa kuwa windo leo.

Swali: Mshauri, mume wangu anasema kumweka paka ndani maisha yake yote ni sawa na kumfunga jela. Tunaishi ghorofa ya tano katika vyumba viwili. Je, ana hoja? Na je, tunaweza kuacha madirisha wazi ili apate hewa?

Jibu: Dada yangu, hoja ya mumeo ina uzito. Ni kweli kwamba paka wa ndani ameepushwa na magari, mbwa, na maambukizi kama ya virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, ambavyo huenezwa zaidi kwa kuumana, na ni kweli pia kwamba ndege na mijusi wa jirani wanapona. Hata hivyo, kumlinda na kumfurahisha ni mambo mawili, na la pili halitokei bila kufanyiwa kazi. Mwaka 2013 vyama viwili vya madaktari wa paka, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilitoa mwongozo wa pamoja unaotaja mahitaji matano: mahali salama pa kujificha; chakula, maji, choo na malazi vilivyotenganishwa; nafasi ya kucheza na kuwinda; uhusiano mwema na unaotabirika na watu; na mazingira yanayoheshimu uwezo wake wa kunusa. Ukiyatazama mahitaji hayo utaona kwamba vyumba viwili vinaweza kuyabeba yote.

Sisi tunaipima nyumba kwa sakafu, lakini paka huipima pia kwa kwenda juu. Juu ya kabati palipotandikwa kitambaa, rafu mbili tatu zilizopangwa kama ngazi ukutani, kiti kilichosogezwa karibu na dirisha, vyote hivyo vinamwongezea eneo bila kuwapunguzia ninyi nafasi. Hakikisha kila mahali pa juu pana njia mbili za kushukia, ili asijione amenaswa mtu akikaribia. Katoni tupu iliyotobolewa matundu mawili ni maficho bora kuliko vitanda vingi vya dukani, na ikichakaa inabadilishwa. Vichezeo navyo visiachwe vyote sakafuni. Weka vichache, vingine vifiche kwenye mfuko, kisha uvibadilishe kila baada ya siku chache, maana kitu ambacho paka hakukiona kwa wiki moja humrudia kama kipya.

Kuhusu kunusa, msifue matandiko yake yote kwa siku moja, wala msipulize manukato makali pale anapolala. Paka hupaka harufu yake kwa mashavu na ubavu kwenye kona za kuta na miguu ya meza, na harufu hiyo humwambia kwamba hapa ni kwake. Nanyi mnapokutana naye macho, jaribuni kuyafumba taratibu na kuyafumbua: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba macho nao, na humkaribia kwa urahisi zaidi mtu wasiyemjua aliyewafanyia hivyo.

Madirisha yasiachwe wazi bila wavu. Watu husema paka haanguki, na akianguka hutua kwa miguu. Mwaka 1987 madaktari wa New York waliandika juu ya paka 132 waliopelekwa hospitalini kwao baada ya kuanguka kutoka ghorofani. Asilimia 90 ya waliotibiwa walinusurika, lakini majeraha ya kifua, taya na miguu yalikuwa ya kawaida, na tusisahau kwamba paka aliyekufa papo hapo hapelekwi hospitali. Paka anayemtazama ndege hasahau hamu yake kwa sababu ya kimo. Fungeni wavu wa waya ulioshikiliwa kwa skrubu, wala si ule unaobandikwa tu, kisha mfungue dirisha mtakavyo. Dirisha lenye wavu, rafu chini yake na ndege upande wa pili ni mahali ambapo paka wenu anaweza kukaa nusu siku bila kuchoka.

Swali: Paka wangu jike amehasiwa, ana miaka sita, na amenenepa mpaka tumbo linakaribia sakafu. Bakuli lake halikauki. Nilimletea chombo cha chemshabongo cha kumfanya atafute chakula, akakitazama, akalala. Je, amezidi uvivu?

Jibu: Si uvivu wa paka wako peke yake. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha utafiti mwaka 2021 ulioonyesha kwamba paka wakipewa nafasi ya kuchagua kati ya chakula kilichowekwa wazi na kile cha kukifanyia kazi, wengi hula zaidi kile cha wazi. Kwa hiyo chemshabongo iliyo kando ya bakuli lililojaa ina nafasi ndogo ya kupendwa. Liondoe kwanza bakuli.

Uanze na kazi rahisi kupita kiasi. Chukua trei ya mayai iliyo tupu, nyunyiza punje za chakula chake juu yake, naye azitoe kwa mkono au kwa ulimi. Akizoea, funika baadhi ya vishimo kwa vipande vya karatasi vilivyofinyangwa. Baadaye tumia bomba la karatasi ya chooni lililozibwa ncha mbili na kutobolewa tundu dogo la kudondosha punje likibingirishwa. Chakula kingine kitawanye sehemu tano au sita za nyumba, hata juu ya rafu kama bado ana uwezo wa kupanda, ili kila tonge limgharimu hatua. Paka wa porini hula milo midogo mingi kwa siku, kwa kuwa panya mmoja ni mlo mdogo, hivyo mgawanyo huu unamfaa kuliko milo miwili mikubwa.

Pima chakula cha siku nzima asubuhi kwa mizani na usizidishe. Lakini usimshindishe njaa kwa matumaini ya kumkondesha haraka. Paka mnene asipokula kwa siku mbili au tatu anaweza kupatwa na ugonjwa wa ini kujaa mafuta, ambao huua. Lengo la asilimia moja ya uzito kwa wiki linatosha, chini ya uangalizi wa daktari wa wanyama.

Swali: Watoto wangu humchezesha paka kwa mwanga wa leza, naye hukimbia sana, lakini siku hizi hukaa akitazama ukuta hata leza ikiwa imezimwa. Pia nimesikia kuna majani yanayowalewesha paka. Je, ni salama?

Jibu: Zuieni leza kwa sasa. Mwanga humpa paka hatua za mwanzo za uwindaji na kumnyima zile za mwisho: anavizia, anakimbiza, anaruka, na chini ya viganja vyake hamna kitu. Paka wengine huishia kufukuza vivuli na miale ya jua ukutani, na dalili uliyoieleza inafanana sana na hiyo. Warudishieni watoto fimbo ya manyoya. Ikiwa baadaye mtairudia leza, mwanga usimpige machoni kamwe, na kila mchezo umalizike kwa kuutuliza juu ya kichezeo au kipande cha chakula ambacho atakikamata kweli.

Majani unayoyasema ni ya mmea wa jamii ya mnanaa, Nepeta cataria. Si sumu wala hayamfanyi paka kuwa mraibu. Takriban paka wawili katika kila watatu huyaitikia, na uwezo huo hurithiwa; vitoto vya miezi michache havionyeshi dalili. Atajigaragaza, atadondosha mate na kurukaruka kwa dakika 10 hivi, kisha hatayajali tena kwa nusu saa au zaidi. Mpe mara moja moja ili asiyazoee.

Kwa kuwa tumetaja mimea, nawaomba wenye paka wote waondoe yungiyungi nyumbani, la jenasi ya Lilium na la Hemerocallis. Chavua tu iliyodondoka kwenye manyoya na kulambwa inaweza kuziua figo za paka, na baada ya hapo nafasi ya kumwokoa hupungua kwa saa.

Swali: Tuna paka watatu na sanduku moja la mchanga lililowekwa nyuma ya mashine ya kufulia. Dume mmoja ameanza kukojoa kitandani petu. Ndugu yangu humburuta na kumsugua pua kwenye mkojo, lakini anazidi. Ni kisasi?

Jibu: Kabla ya jambo lolote, mtazame anapokojoa. Dume anayechuchumaa mara nyingi, anayejikamua, analia na kutoa matone tu au kutotoa kabisa, mpelekeni kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kama mkojo unatoka, bado apimwe, kwa sababu paka wengi hupata uvimbe wa kibofu usio na kijidudu chochote, ambao huchochewa na msongo wa mawazo. Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha mwaka 2006 matokeo ya paka 46 wa ndani wenye ugonjwa huo. Wenye paka hao walipoyaboresha mazingira ya nyumbani, kwa kuongeza mahali pa juu, maficho, michezo na vyoo vinavyofaa, dalili zilipungua sana. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huona mchezo wa paka kuwa anasa, hali kuna kibofu kinachopona kwa ajili yake.

Sasa tazama nyumba yenu kwa macho ya paka huyo. Choo ni kimoja kwa wote watatu, kiko mahali pasipo na njia ya pili ya kutokea, na kando yake kuna mashine inayoweza kuanza kunguruma wakati wowote. Mwenzake akikaa kwenye mlango wa uchochoro ule, hata bila kumgusa, amemfungia choo. Kitandani kwenu ni laini, pako juu, panaonekana pande zote, na pana harufu yenu inayomtuliza. Hapo hapana kisasi, ila amechagua mahali ambapo hataviziwa.

Kanuni inayofuatwa na madaktari ni choo kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada, kwa hiyo ninyi mnahitaji vinne, na viwe sehemu mbalimbali, kwa maana masanduku mawili yaliyogusana kwa paka ni moja tu. Urefu wa sanduku uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka kutoka puani hadi shina la mkia. Mchanga uwe laini, usio na manukato, na uchafu utolewe kila siku. Godoro lisafishwe kwa dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo, si kwa yenye amonia, ambayo kwa pua ya paka inafanana na mkojo wenyewe. Na tafadhali mwambie ndugu yako aache kumsugua pua. Paka haunganishi adhabu hiyo na kitendo, anaiunganisha na mtu, na hofu inayoongezeka ndiyo inayokirudisha kibofu pale pale.

Swali: Nguzo ya kukwaruzia ipo, lakini kochi ndilo linaloraruliwa. Nimkate kucha zote?

Jibu: Ncha za kucha zipunguzwe kila baada ya wiki chache, lakini kung'oa kucha kwa upasuaji ni kukata kifundo cha mwisho cha kila kidole, jambo lililopigwa marufuku katika nchi nyingi, na sioni sababu ya kulitetea. Nguzo yako huenda ni fupi au inayumba. Paka anataka kujinyoosha urefu wake wote, hivyo nguzo ifike sentimita 90, iwe nzito chini na izungushiwe kamba ya katani. Usiifiche pembeni, iweke ubavuni mwa kochi lile lile, kwani anakwaruza ili kuacha alama pale ambapo familia hukaa. Wapo wanaopenda kukwaruza kwa kulala, na hao kipande cha katoni ngumu sakafuni kinawatosha.

Swali: Paka wangu anashinda peke yake. Nimletee mwenzake?

Jibu: Swali hili huulizwa kwa huruma, na ndiyo maana nalijibu kwa tahadhari. Paka huwinda peke yake, na ingawa wengi huweza kupendana, hasa waliokua pamoja tangu vitoto, paka mzima aliyetawala nyumba yake miaka mingi anaweza kumwona mgeni kuwa mvamizi. Kama tatizo ni kuchoshwa na upweke wa mchana, ratiba ya mchezo asubuhi na jioni, dirisha zuri na chakula cha kutafuta huleta nafuu haraka kuliko paka wa pili, na visipoleta nafuu hujapoteza kitu.

Ukiamua kumleta, haraka haraka haina baraka. Mgeni akae chumba chake na choo chake, mlango ukiwa umefungwa, kwa siku kadhaa au wiki. Sugua kitambaa kwenye mashavu ya mmoja, ukiweke karibu na chakula cha mwingine, kisha ubadilishe. Walishe pande mbili za mlango, ukisogeza bakuli karibu pale tu wote wawili wanapokula kwa utulivu. Baadaye waonane kupitia wavu au upenyo mdogo, kwa dakika chache, huku wakichezeshwa. Anayekodoa macho bila kupepesa, masikio yakiwa yamelala nyuma, anakuambia urudi hatua moja. Ukimya nao usikudanganye, kwa kuwa paka wasiopigana wanaweza kuwa wananyimana njia ya kwenda chooni siku nzima bila sauti kusikika.

Swali: Mwanangu Mshauri, mimi ni mstaafu na paka wangu ana miaka 14. Ameacha kupanda dirishani, hataki tena kucheza, na usiku analia kwa sauti kubwa. Kijana wangu anasema ni uzee tu, nimwache apumzike.

Jibu: Shikamoo, bibi. Uzee upo, lakini nyuma yake mara nyingi kuna maumivu yenye dawa. Uchunguzi wa picha za eksirei uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba asilimia 90 ya paka wenye umri wa zaidi ya miaka 12 walikuwa na uharibifu wa viungo. Paka hachechemei kwa urahisi kama mbwa. Huacha tu kuruka, na sisi tukadhani ametulia. Kilio cha usiku nacho kinaweza kutokana na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hasa kama anakula sana huku akikonda, au shinikizo la damu, au macho yaliyofifia, au akili iliyoanza kuchanganyikiwa. Daktari ampime damu, shinikizo na figo. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu hata robo, kwani parasetamoli humwua paka.

Nyumbani mrudishie dirisha lake kwa kumpangia ngazi ya maboksi magumu au viti viwili vya vimo tofauti vilivyofunikwa kitambaa kisichoteleza. Choo kiwe na ukingo wa chini, malazi yawe ya joto, taa ndogo ibaki inawaka usiku. Na usiache kucheza naye: mburutie uzi polepole karibu na viganja akiwa amelala, na akiugusa mara tatu tu hiyo ni siku njema ya uwindaji kwa umri wake. Ukimaliza, uweke uzi kabatini, kwa sababu ukimezwa unaweza kumkata matumbo.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mwombe kijana wako ampige picha ya video kwa simu akitembea, akishuka kitini na akijaribu kupanda. Paka akifika juu ya meza ya matibabu hujikunyata kwa hofu na kukataa kusogea, na daktari atakosa kuona lile hasa unalotaka alione.